Mheshimiwa Bado Anatafakari

Mtaani walimwita Fundi Kochi, na jina hilo halikumtoka hata alipochaguliwa diwani. Waliopenda utani walimwita Mheshimiwa Kochi. Alikuwa mwembamba, mvi zimeanza kumtawala kichwani, vidole vyake vimejaa makovu ya sindano kubwa ya kushonea masofa. Udiwani hakuutafuta. Wagombea wawili wenye nguvu walikuwa wamechafuana mpaka watu wakachoka na wote wawili, basi majirani wakamsimamisha yeye kwa hoja moja tu: hana adui. Ilikuwa kweli. Hakuwa na adui kwa sababu hakuwa na mtu.

Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Baada ya mazishi, binti yao wa pekee alirudi kwake, ng'ambo ya pili ya mji, na alipojifungua mtoto wa kike, Fundi alikaa akisubiri aletewe mjukuu.

"Mtoto huletwa kwa babu," aliwaambia waliomuuliza. "Babu hapelekwi kwa mtoto."

Binti naye alisubiri baba aje kumpa hongera. Husemwa subira huvuta heri, lakini subira ya hawa wawili ilivuta kimya tu. Mtoto akaota meno, akatambaa, akasimama, akaanza kukimbia, na babu yake hajamtia machoni.

Sebuleni kwake Fundi kulikuwa na makochi aliyoyatengeneza kwa mkono wake wakati mkewe yu hai, mapana, ya kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Familia nzima na wageni wake wangekaa bila kubanana. Yeye alikaa mahali pamoja tu, pembeni, karibu na dirisha, na hapo ndipo kitambaa kilipopauka na springi kulegea. Kwingine kote kulikuwa kama bado kuko dukani.

Ndipo ikaja hoja ya kodi.

Katika mji ule kila mwenye gari binafsi alilipa kodi ya gari kila mwaka, litembee au lilale. Watu walikuwa wameinung'unikia miaka nenda miaka rudi, na safari hii baadhi ya madiwani wakasema yatosha, ifutwe. Mtu alishalipia gari siku aliponunua, walisema, na gari si shamba; halizai, kila mwaka linachakaa. Wenzao wakauliza: barabara za mitaani zitazibwa mashimo kwa fedha gani? Pengo litajazwa na ushuru wa sokoni, na anayekwenda kwa miguu ndiye atakayemlipia anayepanda. Baraza likagawanyika nusu kwa nusu. Akabaki mmoja ambaye hakuwa amefungua mdomo, naye alikuwa Fundi Kochi.

Wa kwanza kumtembelea alikuwa mwenye duka la dawa, jirani ambaye kwa miaka walikuwa wakipungiana mkono tu. Alikaa, akajaribu kochi kwa kiganja, akashangaa.

"Kumbe ndani umejificha na mali hivi, Mheshimiwa?"

"Mali gani? Ni mbao na sponji."

"Hapa mtu akikaa hataki kuondoka." Kisha akaeleza habari za gari lake, kwa kirefu, na mwishoni akauliza: "Sasa wewe uko upande gani?"

"Bado natafakari," alisema Fundi.

Mwenye duka la dawa akaahidi kurudi. Na kweli alirudi, tena na shemeji yake. Kesho yake wakaja kina mama wa sokoni, wakaketi wote kwa pamoja, wakasema kwa zamu na wakati mwingine bila zamu, kwamba kodi ikifutwa mzigo utawaangukia wao. Wakaja walimu, akaja kinyozi, akaja mzee mmoja aliyekuwa na gari lisilo na injini lakini bado analilipia. Fundi akanunua vikombe vipya. Sukari ikawa haikai. Wageni walipokuwa wengi walianza kubishana wao kwa wao, wanacheka, wanapandishiana sauti, na mwenye nyumba akawa anazunguka na birika, uso unang'aa kama bwana harusi.

"Mheshimiwa, sema basi!"

"Bado natafakari, ndugu zangu. Kunyweni chai kwanza."

Hapakuwa na kutafakari kokote. Fundi alikuwa na jibu lake tangu siku hoja ilipotajwa. Alikuwa ametembea kwa miguu maisha yake yote, akisukuma mkokoteni wa mbao kupita kwenye madimbwi, na hakuona haki muuza vitunguu atozwe ili gari lisitozwe. Lakini alijua pia kwamba siku atakayolisema hilo, walioshinda hawatakuwa na haja naye tena, na walioshindwa hawatataka kumwona. Basi akawa analifunga jibu lake kama mtu anayefunga mlango wageni wasitoke.

Alasiri moja gari jeupe kuukuu lilisimama nje. Fundi alichungulia dirishani, akaenda kufungua.

"Shikamoo, baba," alisema binti yake mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ingia. Mtoto yuko wapi?"

"Nimemwacha kwa jirani."

Alikaa ukingoni mwa kochi, funguo za gari mkononi. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Ukucha wake mmoja ulikuwa na rangi ya buluu, ya kuchorea. Fundi alimmiminia chai, akaweka sukari nyingi kama alivyopenda alipokuwa mdogo.

"Wenzangu kazini wamenituma," binti alisema. "Wamesikia wewe ni baba yangu. Gari lenyewe si umeliona hapo nje? Kila mwaka nalilipia utadhani jipya. Nikishalipa, matairi inabidi yangoje."

"Ni kweli mnaonewa, wenye magari makuukuu."

"Kwa hiyo utapiga kura ifutwe?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema. Fundi akakitazama kikombe. "Bado natafakari," alisema. "Njoo tena wiki ijayo, tuzungumze vizuri. Njoo na mtoto."

Binti akainuka. "Hujawahi kuniambia njoo, baba. Tangu mama aondoke. Leo unaniambia kwa sababu ya kodi."

Fundi alitaka kumwambia si kwa sababu ya kodi. Badala yake akamsogezea kikombe. Binti akaaga kwa adabu, gari likakohoa mara mbili, likaondoka. Chai yake ilikuwa haijaguswa.

Siku ya kikao, mwenyekiti alipomgeukia, Fundi alisimama akaomba baraza liahirishe. Alihitaji muda, alisema. Ukumbi ukaguna, lakini kwa kuwa kila upande uliamini bado unaweza kumvuta, wakakubali.

Wageni wakazidi. Binti yake hakuwa miongoni mwao. Kila gari lilipopunguza mwendo nje, Fundi aliacha mazungumzo akasikiliza, kisha akarudi kwa wageni akiwa hajui wamefika wapi. Alianza kugundua kwamba hakuna aliyemuuliza habari zake. Waliuliza afya ili wafike kwenye kodi. Mmoja alisifu picha ya marehemu ukutani, akaunganisha hapo hapo: "Hata yeye angetaka kodi ifutwe."

Asubuhi moja akaja mwanamke aliyekuwa akifagia barabara ya mtaa wao. Alisimama mlangoni na hakutaka kuingia.

"Karibu ukae, mama."

"Sikuja kukaa, Mheshimiwa. Bajeti ya barabara imekwama kwa sababu yenu, sisi vibarua tumeambiwa tubaki nyumbani mpaka mtakapoamua. Mimi sikuombi ukae upande huu wala ule. Sema lolote, lakini sema."

"Nitasema," alijibu Fundi, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Wanasema nyumba yako siku hizi ina raha sana," mwanamke akaongeza, bila ubaya, akaenda zake.

Kikao kilipokutana tena, Fundi hakuzunguka. "Anayetembea kwa miguu tukimtoza kwenye kitunguu na sabuni ili gari lisitozwe, mimi sioni haki. Kodi ibaki. Lakini magari makuukuu yanaonewa, na hilo tulitazame upya." Akaketi. Kodi ikabaki. Kuhusu magari makuukuu, mwenyekiti alisema jambo hilo litaangaliwa, na kila mtu pale alijua maana ya neno hilo.

Jioni hiyo Fundi alichemsha birika zima kwa mazoea. Hakuja mtu. Kesho yake mwenye duka la dawa alipita upande wa pili wa barabara, anaangalia simu. Kina mama wa sokoni walimshangilia kwa mbali, wakamwongezea nyanya kwenye fungu, wakaendelea na biashara yao. Vikombe vilibaki kabatini vimepangwa. Kimya kilikuwa kile kile cha zamani, ila sasa alikuwa amekisahau kidogo, na kukizoea upya kulikuwa kazi.

Jumapili alivaa shati safi akashika njia, kwa miguu, mpaka ng'ambo ya pili ya mji. Kwenye ngazi za nyumba ya binti yake alikuta mtoto anapanga vifuniko vya chupa.

"Mama! Kuna babu hapa!"

"Babu gani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Mtoto akamgeukia. "Wewe babu gani?"

Watoto wote humwita mzee yeyote babu. Fundi akachuchumaa kando ya vifuniko. Binti akatokea akifuta mikono. 

"Umetuangusha," binti alisema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia siku ile ile. Ningelipa tu, baba, wala nisingekufa."

"Nilijua jibu siku ile. Niliogopa ukilisikia utaondoka."

"Si niliondoka vilevile?"

Akamletea kiti cha plastiki, akamweka pale pale nje, akarudi jikoni. Baadaye akatoka na sahani ya wali. "Ningejua unakuja ningepika vizuri," alisema. Fundi alikula. Mtoto alimwonyesha vifuniko, kimoja kimoja, kama mtu anayeonyesha duka zima kwa mteja asiye na haraka.

Jua lilipoanza kushuka, binti alimrudisha kwa gari. Njiani waliongea habari za mashimo tu. Walipofika Fundi akasema, "Ingieni kidogo," lakini mtoto alikuwa amelala kiti cha nyuma.

"Siku nyingine," alisema binti.

"Usihangaike. Nitakuja mimi."

Jumapili iliyofuata alikwenda. Hawakuwepo, jirani alisema wametoka tangu asubuhi. Fundi alikaa kwenye ngazi mpaka akapumzika, akarudi kwa miguu. Jumapili ya baada ya hiyo akavaa shati, akafunga mlango, akaenda tena.