Subira ya Mwalimu wa Mbwa

Mume wangu anafundisha mbwa kutembea. Nikisema hivyo watu hucheka, maana mbwa huzaliwa na miguu minne na hakuna aliyewahi kumwona akitambaa kwa kukosa mwalimu. Basi huwa naeleza: anawafundisha kutembea kistaarabu, pembeni ya mwenye mbwa, kamba ikiwa imelegea, bila kumburura mtu barabarani. Hapo huacha kucheka, wanauliza kama kweli kuna watu wanaolipia kazi hiyo. Wapo. Bati lililo juu ya kichwa changu wameliweka wao.

Zamani alikuwa fundi viatu. Siku moja mama mwenye duka la dawa alimletea mkanda wa mbwa uliokatika, akaushona. Wiki iliyofuata mkanda ukarudi, na iliyofuata tena. Mara ya nne mume wangu akamwambia kwamba mkanda hauna kosa, yeye angependa kumwona mbwa. Akaenda, akatazama jinsi yule mama anavyotolewa getini mbio mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine njiani, akaomba ashike kamba yeye. Baada ya mwezi mbwa yule alikuwa anatembea kama bibi harusi, na kibanda cha viatu kikafungwa. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Mwalimu. Hata mimi namwita hivyo, hasa nikiwa nimekasirika.

Njia yake haina uchawi. Mbwa akivuta, Mwalimu anasimama. Hafoki, havuti, hasemi kitu. Anasimama mpaka mbwa mwenyewe achoke, ageuke kumtazama, na kamba ilegee. Hapo anasema "safi" kwa sauti ya chini, anampa kipande cha maini ya kuchemsha, wanaendelea. Hatua tatu mbele mbwa anavuta tena, Mwalimu anasimama tena. Siku ya kwanza hawafiki hata kwenye kona. Mbwa huelewa baada ya wiki mbili. Mwenye mbwa huelewa palepale, na akiingia ndani kunywa chai anakuwa ameshasahau. Mwalimu hurudi kumwambia kwa upole uleule, hata mara ishirini: usimvute, mngoje.

Upole huo huishia mlangoni kwetu. Sijui huuacha kwenye geti la nani, ila nyumbani haufiki. Chai kwetu ni dakika kumi, kwa sababu mbwa wa kwanza yuko saa moja. Chakula cha mchana ni saa saba kamili, dakika ishirini, katikati ya mbwa wa daktari na mbwa mpya wa duka la dawa. Mwalimu hula kama mtu anayefukuzwa. Watoto wameiga. Nami sina la kujitetea, kwa sababu mimi ni mshonaji wa sare za shule, na meza tunayolia chakula ndiyo meza ninayokatia vitambaa. Mtu akimeza tonge la mwisho, sahani yake imeshafika kwenye beseni. Wakati mwingine hata kabla ya tonge la mwisho.

Katika mbio hizo aliishi mama mkwe wangu. Alihamia kwetu miaka miwili iliyopita, magoti yalipoanza kumgomea. Nilimpenda, na sisemi hivyo kwa sababu mtu ananisikiliza. Alikaa karibu na cherehani yangu mchana kutwa, akichambua nyuzi na kunisimulia watu waliokufa zamani kana kwamba wametoka kwetu asubuhi ile. Lakini alikula kidogo, na alikonda. Sisi tulisema ni uzee. Uzee ni kitu kizuri, unabeba lawama zote na haujibu.

Wifi yangu hakukubali habari ya uzee. Huyu ni dada mkubwa wa Mwalimu, msimamizi wa bweni la wasichana mia mbili, na anazungumza na kila mtu kana kwamba yuko bwenini bila ruhusa. Alipiga simu kusema anakuja kwa siku nne. Alisema wazi kwamba sauti ya mama imekuwa nyembamba, kwamba chumba kwake kimeshapigwa rangi, na asiporidhika na atakachokiona ataondoka naye. Mwalimu alipoweka simu chini alikuwa amebadilika uso. Mama yake akichukuliwa, alisema, watu watajua alishindwa kumtunza. Mimi sikufikiria watu. Nilifikiria kiti kitupu pembeni ya cherehani.

Wifi alifika na mikono mitupu, ili aweze kushika vitu. Alifunua mtungi wa maji, akageuza godoro la mama, akanusa mashuka, akapitisha kidole juu ya dirisha na kukitazama. Jikoni alikuta sufuria mbili, moja ina alama ya rangi nyekundu kwenye mkono. Nikamwambia hiyo ni ya mbwa. Akauliza kulikoni sufuria ya mbwa inanukia nyama kila siku na ya watu ina maharage siku nne kwa wiki. Nikamjibu kwamba mbwa ndio wanaoleta chakula humu ndani, kwa hiyo wao hula kwanza. Hakucheka. Alitazama sufuria ile kwa muda mrefu, kisha akaifunika.

Siku ya pili Mwalimu akaona amtulize dada yake kwa kumwonyesha kazi. Tulikwenda wote watatu hadi kwa wakili mmoja aliyenunua mbwa mkubwa mwenye kichwa kama ndoo. Mbwa alitoka getini akiwa na shauri lake mwenyewe. Mwalimu akasimama. Ilikuwa katikati ya njia, na nyuma yake gari likaanza kupiga honi, kisha magari mawili. Wakili akajificha nyuma ya nguzo ya geti asije akatambuliwa na wateja wake. Mwalimu hakutikisika. Alisimama dakika kumi na moja, nilizihesabu, uso wake umetulia, mpaka mbwa akageuka, akamtazama, akarudi mwenyewe na kukaa miguuni pake. "Safi," akasema, na kutoa kipande cha maini.

Wifi aliguswa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akisema hakujua kama mdogo wake ana subira ya namna ile, kwamba yeye angekuwa nayo bwenini angekuwa ameshapewa shule nzima. Tukafika nyumbani saa saba na dakika tano. Chakula nilichoacha tayari kilikuwa mezani, na mama alikuwa bado yuko mlangoni mwa chumba chake, mkono mmoja ukutani, anapumzisha goti. Mwalimu akamshika kiwiko. "Haya mama, twende, twende, muda umekwisha," akamvuta hadi kwenye kiti. Mguu wa mama uligonga kizingiti. Mimi nilikuwa napakua. Wifi alikuwa bado anamsifia mbwa wa wakili.

Alasiri hiyo Mwalimu aligundua maini kwenye kopo la mbwa pale jikoni yamepungua tena. Ilikuwa wiki ya tatu sasa. Kwanza aliwashuku watoto, wakakana mpaka machozi. Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya mtu anayepita tu, kama huwa nayaonja. Nikamjibu kwamba siku nitakayoanza kula chakula cha mbwa atakuwa wa kwanza kujua, kwa sababu nitambwekea.

Wifi akafurahi. Tangu aje hakuwa amepata kosa kubwa, na sasa kosa lilikuja lenyewe kwa miguu yake. Alisema amekamata wezi wa sukari kwa miaka kumi na tisa na hajawahi kushindwa. Siku ya tatu, chakula cha mchana kilipokwisha na Mwalimu kwenda kwa mbwa wa duka la dawa, aliingia stoo pembeni ya jiko, akaurudisha mlango kidogo, akakaa juu ya gunia la mchele. Kabla ya kuingia alinitazama kwa huruma. Nilijua ananiwinda mimi, na nilishona kwa hasira hadi nikavunja sindano.

Alitoka baada ya saa moja na nusu, lakini hakutoka kwa kishindo. Alikuja mpaka kwenye cherehani, akanishika bega, akasema nimwite Mwalimu arudi upesi. Mwalimu alipofika, bado ana kamba mkononi, wifi alituongoza hadi uani.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, jua likimpiga miguuni, kopo la mbwa liko mapajani. Alikuwa anachukua kipande kimoja kimoja na kukitafuna taratibu, macho ameyafumba. Ana meno sita, na hayakutani. Nilikuwa nayajua meno hayo kwa miaka miwili, na sikuwahi kuyafikiria nilipokuwa nampakulia.

"Mama, hayo ni ya mbwa," Mwalimu akasema.

"Najua," mama akamjibu, wala hakulificha kopo. "Yamekatwa madogo. Tena ni laini, na nikikaa hapa hakuna anayeniondolea sahani."

Masikio yaliniwaka moto. Hakunitazama, na ingekuwa nafuu angenitazama. Miaka miwili nilikuwa nachukua sahani ile ina nusu ya chakula, namwuliza "umeshiba, mama?" huku nimeshampa mgongo, naye ananijibu nimeshiba, mwanangu.

Mwalimu alianza kusema kwamba angeomba tu, angepikiwa. Mama akamngoja amalize. Kisha akasema, bila ukali wowote, maneno ambayo mume wangu hajawahi kuyarudia mbele ya mtu.

"Wanao hunisimulia unavyofundisha mbwa. Mbwa akivuta, unasimama ukamngoja. Mimi nikisimama unanivuta mkono."

Wifi alisema kesho kuna basi la saa nane mchana, na akaingia ndani kukunja nguo za mama. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alimrudishia mwanawe kopo, akaomba msaada wa kusimama.

Jioni hiyo Mwalimu alinijia kwenye cherehani, akazungukazunguka, akasema niongee na mama, maana mimi ananisikiliza. Nikamwambia mdomo wa kumsemea sina, mimi ndiye mwenye beseni. Akakaa kwenye kile kiti cha mama, akachambua nyuzi mbili tatu, akaondoka.

Kituo cha basi kiko mwendo wa dakika kumi kwa mwenye magoti mazima. Tulitoka saa saba na nusu. Hatukuwa tumekula, kwa sababu wifi alisema watakula njiani. Yeye alitangulia na begi kubwa lenye nguo zote za mama, akisema anakwenda kushika viti. Mimi nilibeba mfuko wa dawa. Mwalimu alitembea pembeni ya mama yake, na kwa mara ya kwanza hakumshika kiwiko. Alimpa mkono, mama akaushika kadiri alivyotaka yeye.

Mama alisimama baada ya nyumba ya pili. Mwalimu akasimama. Mama alisimama tena kwa muuza nyanya, akauliza habari za mjukuu wake mgonjwa, akazipata zote. Alisimama penye kivuli, halafu pasipo na kivuli. Alisimama kutazama mafundi wakipaka rangi ukuta, akasema rangi ile itabanduka. Mimi nilikuwa natazama saa na kujing'ata midomo. Nilichelea Mwalimu asije akasema "safi". Hakusema. Nilipomtazama vizuri niliona analia, bila kujifuta, kwa sababu mkono mmoja ulishikwa na mama na mwingine alikuwa amesahau kama anao.

Tulipofika kwenye kona tuliliona basi likitoka. Wifi alikuwa dirishani, nusu ya mwili nje, akimwamuru dereva asimame kama alivyozoea kuwaamuru wasichana mia mbili. Dereva hakuwa mmoja wao. Basi likapinda, likaenda zake na wifi yangu, viti viwili na nguo zote za mama mkwe.

"Ametuacha," mama akasema.

"Ametuacha," Mwalimu akaitikia.

"Basi turudi. Nina njaa."

Kurudi kulichukua muda mrefu kuliko kwenda. Nilipasha wali na maharage, nikayaponda yake kwa mgongo wa kijiko, nikakunja vitambaa vyangu vyote na kuviweka chini. Tukakaa. Mwalimu alimaliza kwa dakika zake zilezile, maana koo halifundishiki kwa siku moja, lakini hakunyanyuka. Simu yake iliita: ni mama wa duka la dawa, mbwa anamngoja getini. Akaiacha iite mpaka ikachoka.

Ikaita tena, safari hii wifi, kutoka njiani. Nguo anazo yeye, alisema, na tulimsikia sote. Sasa anataka kujua jambo moja tu: mama anakuja na basi la kesho au haji? Mwalimu aliweka simu katikati ya meza na kumtazama mama yake. Nami nilimtazama. Nilitaka kumwomba abaki, na nikaona sina haki.

"Mwambie nala," mama akasema. "Nikimaliza nitamjibu."

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Alichota kijiko, akatafuna kwa utaratibu wake, akameza, akapumzika, akachota kingine. Watoto walirudi kutoka shuleni, wakashangaa kutukuta mezani, wakakaa nao. Mimi nilikaa mikono mapajani, sijui niipeleke wapi. Sahani yake ilikuwa bado na nusu ya wali.

"Bado nala," akaniambia, ingawa sikuwa nimejisogeza.