Siku Picha ya Kumi Iliruka Foleni

Hii stori nimeificha miaka mingi, na kama si nyinyi kunichokoza na hayo mambo ya "wewe si mtu wa kompyuta" singeitoa, kwa sababu mpaka leo nikipita Olenguruone mtu akinipungia mkono nashuku ananicheka. Basi wacha niaibike mara moja tumalizane.

Ilikuwa 2007, mimi nasoma kompyuta Njoro, baba yangu ni mwenyekiti wa kikundi cha maziwa kwetu huko juu Olenguruone. Shida yetu ilikuwa lori. Ilikuja asubuhi tu, kwa hivyo maziwa ya jioni yalilala na kuharibika. Sasa wageni wa mradi fulani walikuwa na tanki ya kupoza maziwa, moja tu, na vikundi viwili vinaitaka. Baba aliambiwa awaonyeshe kazi yetu kwa picha. Picha zilikuwepo, zilipigwa na mgeni mmoja wa kujitolea akaziweka kwa tovuti yake, picha1, picha2, hivyo hivyo mpaka picha21, na kabla aende alimwonyesha mzee zote kwa kamera. Mzee akazishika kwa kichwa vile zinafuatana, akawa anafanya mazoezi ya hotuba akikamua (ng'ombe waliijua kuliko sisi).

Kazi yangu ilikuwa kuzitoa kwa mtandao nizitie kwa sidii ya kuwekwa kwa deki. Mtu wa kawaida angebonyeza moja moja. Mimi nani? Nikaingia cyber na Njoroge, tulikuwa darasa moja, nikaandika skripti ya mistari mitatu: kompyuta ihesabu yenyewe kutoka moja mpaka ishirini na moja, kila namba iibandike kwa jina la picha, iishushe. Zikaanza kuteremka zenyewe na mimi nimekunja mikono, nikiangalia kama kuna mtu ananiona.

Njoroge akachungulia. "Boss, ukizihifadhi weka sifuri mbele ya zile za tarakimu moja. Hizi mashine hupanga kama herufi. Kumi itakuja kabla ya mbili."

"Si ziko zote?" nikamwambia. "Wachana na mimi."

Nikafungua ya kwanza, ikafunguka, nikachoma sidii nikaenda zangu.

Siku yenyewe, holi ya kanisa imejaa, kuna televisheni, deki ya DVD inayobadilisha picha yenyewe, na jenereta inanguruma nje. Picha ya kwanza ikatokea, kibao cha kikundi, watu wakapiga makofi. Baba akawageukia wageni (kwetu huwezi kumpa mgeni mgongo), televisheni ikawa nyuma yake, na hakuangalia nyuma tena.

"Hapa mnaona vile tunaosha matiti ya ng'ombe na maji moto," akasema.

Nyuma yake ilikuwa picha ya kumi, mwekahazina wetu kwa sherehe ya kikundi, mfupa wa nyama mdomoni.

Watu wakaguna. Nikachukua rimoti, nikabonyeza, kumbe haina betri. Nikapiga hiyo rimoti kwa goti, nikapiga tena, na deki inaenda tu.

"Huyu naye ni katibu wetu," baba akasema, "mtu wa bidii sana, hata mvua ikinyesha hawezi kosa kazi yake."

Ilikuwa ya kumi na moja, ndume ya ng'ombe tuliyoazima kutoka Molo, ikiwa kazini juu ya jike.

Holi ikaanguka kwa kicheko. Mzee akafikiri wamefurahia hotuba, akaongeza sauti. Nikatambaa katikati ya viti nikang'oa waya wa umeme, na ndiyo nikaharibu kabisa, kwa sababu kicheko kiliisha na kila mtu akasikia mama mmoja wa mradi akiuliza kwa upole, "Mzee, hiyo sherehe ya nyama ilitoka kwa pesa ya kikundi?"

Kondoo aliyeliwa kwa hiyo sherehe alikuwa wa baba. Alimchinja mwenyewe, kwa mapenzi yake. Akasema hivyo, lakini mtu akijitetea watu wakiwa wanapangusa machozi ya kicheko, nani atamwamini? Halafu mmoja wa wageni akauliza nani alipanga hizo picha. Nilikuwa bado sakafuni na waya mkononi. Baba akaniangalia, akaniona vizuri sana.

"Ni mimi," akasema. "Mambo ya mashine siyajui."

Tanki ikaenda kwa wale wengine. Jioni tulikamua kama kawaida, mimi na yeye, na afadhali angenichapa. Asubuhi maziwa yalikuwa yameharibika, mama akawamwagia mbwa.

Tangu hapo sipeleki kitu mbele ya watu kabla sijakiangalia chote mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, hata mkinicheka eti mimi ni mwoga, si mtu wa kompyuta. Mzee wangu alidanganya kanisani kwa ajili yangu, mtu ambaye hata bei ya ng'ombe hawezi kudanganya.