Siku Mbili Juu ya Dungu

Nilikwenda kulala. Nilimwambia hivyo shoga yangu kwa simu hata kabla sijafunga begi: nakuja kupumzika, usinitafutie kazi. Akacheka kidogo, akasema njoo tu, huku usingizi haununuliwi.

Tulisoma darasa moja, tukaolewa karibu wakati mmoja. Mimi nilibaki Dar na cherehani yangu, yeye akaolewa kijiji cha Mkongo, kwa watu wa bondeni. Mwaka jana, mavuno yalipokwisha, mume wake alifariki. Eda ilipomalizika ndugu zake walitaka arudi kwao Mtawanya. Hakurudi. Alibaki na mama mkwe wake, wajane wawili nyumba moja, na mvua zilipoanza wakashuka pamoja bondeni kulima mpunga.

Lakini shoga yangu hakujua lile shamba ni la nani tena. Mume wake alipewa na mama yake, wala hawakujaaliwa mtoto. Tangu msiba mama mkwe hajasema shamba ni lako, hajasema si lako. "Nalima tu, shoga," aliniambia siku moja usiku kwa simu, kwa sauti ya chini. "Kila nikiamka nangoja niambiwe, haya, ahsante kwa kutulilia mtoto wetu, sasa nenda kwenu."

Nilifika Jumamosi asubuhi, masika yakiwa ukingoni. Bodaboda ilinishusha mwisho wa barabara, nikavua viatu na kufuata njia ya matope katikati ya mpunga, nikinung'unika peke yangu. Mimi ni mtu wa mjini, mvivu wa kutembea na mwepesi wa kununa. Kisha nikaliona dungu lao, kibanda cha nyasi juu ya nguzo ndefu, na juu yake mama mkwe ameketi ananitazama ninavyoteleza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Panda. Ngazi hiyo imebeba wanene kuliko weye."

Msimu wa mpunga watu wa bonde hili huhamia juu hivyo. Maji yakija yanapita chini, na ukiwa juu unawaona ndege kabla hawajatua. Kutoka dunguni kamba zilienda kila upande wa shamba, zimefungwa makopo yenye kokoto ndani. Ukivuta kamba, makopo yanalia kule mbali na ndege wanaruka. Mama mkwe alikuwa ameifunga kamba moja kwenye kidole gumba cha mguu. Alijilaza chali, macho nusu yamefumba, na kila baada ya muda mguu wake ulicheza na kundi zima la kweleakwelea likainuka upande wa mtoni. Sikujua kama yuko macho au anaota.

Nami nikalala kama nilivyokuja kulala. Sakafu ya fito ilikuwa na mkeka, upepo uliingia kwa chini na kutokea kwa juu, na mpunga ulikuwa ukiinama na kuinuka wote kwa pamoja mpaka nikahisi dungu ndilo linalotembea. Niliamka, nikalala, nikaamka nikapewa muhogo wa kuchemsha, nikalala tena na kipande mkononi. Viboko waliguna huko mtoni. Cherehani yangu, wateja wangu wenye haraka ya sare za harusi, vyote vilikuwa mambo ya mtu mwingine ninayemfahamu kwa mbali. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, maana nilimjia mtu mwenye huzuni.

Jioni tulishuka sisi wawili kuchuma majani ya kunde. Nikamwambia, "Kwa nini usimuulize? Mtu mzima haumi."

"Nikiuliza atadhani nadai," alisema. "Na akinijibu vibaya nitalala wapi? Dungu ni hilo hilo, na mimi nalala ubavuni mwake."

"Basi nitamuuliza mimi."

Akanishika mkono, mkono wenye majani na udongo. "Usithubutu. Naomba."

Nikanuna. Jambo likinikaa rohoni mimi halichelewi kufika mdomoni, na ningekuwa mjini ningeshalimaliza kwa maneno mawili. Tulipopanda juu nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba ahadi sikutoa. Mama mkwe alikuwa anapepea moto wa mafiga kule chini, na mimi nikiwa pale juu nikakohoa, nikaita, "Mama, nina neno."

"Sauti yako imejaa usingizi," alijibu bila kuinua kichwa. "Jilaze kwanza. Neno halikimbii."

Nikajilaza kidogo tu, kwa adabu. Nilipofumbua macho kulikuwa kumekucha, Jumapili, ukungu umefunika mpunga wote, na shoga yangu ananicheka.

Asubuhi ile walishuka wote wawili shambani. Niliwaona kwa juu, vichwa viwili vya kanga vikielea kwenye ukungu, vikisogea pole pole. Walikuwa wanachuma mpunga ambao haujakauka, masuke yaliyoshiba lakini bado yana ukijani. Huo ndio mpunga wa kutengenezea pepeta. Waliupura, wakaukaanga kwenye chungu huku wakiukoroga mpaka punje zikaanza kuruka, kisha ukamiminwa kinuni ungali moto. Pepeta haingoji. Ikipoa inavunjika badala ya kulala bapa, kwa hiyo hutwangwa na watu wawili, michi miwili kinu kimoja, mmoja akiinua mwenzake anashusha.

Waliitwanga hivyo. Harufu yake ilipanda hadi juu, harufu ya mchele, majani na moshi pamoja, na mimi nikashuka ngazi nikasema nipeni na mimi. Wakanipa mchi. Pigo la kwanza niligonga mchi wa mama mkwe, ukamtoka mkononi. "Kaa chini, mwanangu," alisema, "ushone." Shoga yangu alicheka mpaka akajifuta macho na kanga. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Mama mkwe akapeta kwenye ungo, pumba zikaenda na upepo. Akachanganya pepeta na nazi iliyokunwa na sukari niliyonunua njiani Kibiti, tukapanda dunguni, akaiweka sahani mbele yangu kwenye mkeka. Mimi ni mgeni, na mgeni huanza. Nikakunja vidole, nikanyoosha mkono.

"Ngoja."

Mkono wangu ukabaki hewani. Nilidhani nimesahau kunawa.

"Si weye," mama mkwe alisema. "Hii ni pepeta ya kwanza ya msimu. Haianzwi na mgeni, wala haianzwi na mie. Huanza mwenye shamba." Akapangusa ukingo wa sahani kwa kidole. "Mwaka jana alianza mwanangu."

Nilimtazama shoga yangu, naye alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe iliyolala mapajani, kana kwamba amekatazwa kuigusa.

Mama mkwe aliichukua ile sahani mbele yangu, akaisukuma kwenye mkeka mpaka ikagusa goti la mkwewe.

"Kula, mwanangu. Inapoa."

Sikuona aibu kulia. Yeye hakulia. Alichota kidogo kwa vidole vitatu, akasema bismillahi, akatia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu sana akitazama shamba, kutoka mtoni hadi kwenye njia niliyojia. Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia. Ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka na ndege wameanza kushuka, lakini kwa mara ya kwanza hakuna aliyevuta kamba.

Alipomeza akanyoosha mkono kuelekea kona ya chini.

"Mama, pale maji yanatuama," alisema. "Mwakani pale nataka nipande ile mbegu ya muda mrefu, isiyoogopa maji."

"Mbona waniambia mie?" mama mkwe alijibu, na ndipo naye akachota.