Nilifika wa Kwanza Kwenye Dumu la Njano

Mwanaume mzima, kifua cha jimu, alitoka baharini kwa magoti huku akimwita mama yake. Mchana kweupe, mbele ya watu.

Nyuma yake wengine wawili wanakimbia wakijikwangua mapaja, utadhani wamemwagiwa upupu. Na bahari yenyewe upande ule ilikuwa shwari, haina hata wimbi la kumtisha mtoto.

Wote wanatoka. Mtu mmoja tu alikuwa anarudi ndani ya maji, msichana, kavaa soksi za mpira.

Ngoja nianze mwanzo. Huko Mchinga kisa hiki wanakisimulia bila kunitaja jina, na mimi ndiye mwenyewe.

Naitwa Amiri, wa Kilwa Kivinje. Kuogelea sikufundishwa na mtu, nilijikuta tu naogelea. Na niseme ukweli wangu, watu wa bara nilikuwa nawadharau, tena siyo kidogo. Mtu anaingia baharini kaziba pua, akitoka analalamika maji yana chumvi. Sasa ulitaka yawe na nini?

Januari mwaka juzi ikatoka kazi. Kambi moja ya wageni jirani na Mchinga ilikuwa inatafuta mlinzi wa waogeleaji. Unakaa ufukweni, unaangalia watu, anayezidiwa unamtoa. Wanamtaka mtu mmoja tu.

Nilikuwa na miaka mitatu nazurura na cheti changu cha fomu foo. Mama alishachoka kunitetea kwa wajomba. Nikamwambia hii ni yangu, haina mjadala. Naye akawaambia majirani, majirani wakanipongeza hata kabla sijapanda gari. Nikiikosa, uso wangu nauweka wapi?

Pale Nangurukuru nikapanda basi la kwenda kusini, nikakaa na jamaa anaitwa Jonas, mkulima wa ufuta kutoka Njinjo. Kumbe na yeye anaenda usaili uleule. Kuogelea kajifunzia mtoni. Mtoni, jamani!

Akanigawia muhogo wake wa kuchoma. Akaniita kaka. Akanionyesha picha ya mkewe kwenye simu, mimba ya miezi minane, akasema akipata hii kazi mtoto atazaliwa baba ana ajira. Nikala muhogo wake, moyoni nasema huyu nimeshamtoa.

Nikalala kwa binamu yangu Mchinga. Asubuhi saa kumi na mbili nikashuka pwani kuiangalia bahari kabla ya wenzangu. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikakutana na mama mmoja wa pweza, Bi Somoe, anarudi mapema na kijiti chake cha kuchokolea mawe, kikapu kitupu. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba, tukaongea mawili matatu, nikaenda zangu.

Saa sita maji yakajaa, tukaitwa.

Msimamizi alikuwa Leonard, katoka Dar, filimbi shingoni, kiatu cha ngozi miguuni. Mtu anakuja kusimamia usaili wa kuogelea amevaa kiatu cha ngozi. Nikajua hapa hakuna mjuzi ila mimi.

Tulikuwa sita. Kuna Frank, huyo wa jimu, kifua kipana na miguu ya kuku, kajipaka losheni anang'aa. Kuna vijana wawili wa Lindi mjini wanaopiga picha tu. Kuna Jonas na bukta yake ya kuazima. Halafu kuna Apolonia.

Apolonia anatoka Kipatimu, milimani huko. Alikuja na taiti nyeusi hadi kwenye vifundo na fulana ya mikono mirefu. Miguuni soksi za mpira zimevutwa hadi magotini, moja ya njano ya Yanga, nyingine nyekundu ya Simba. Rozari yake kaivua, kaifunga kwenye kitambaa, kamkabidhi Leonard amshikie.

Nikamwuliza anaingia baharini au anaingia uwanjani. Watu wakacheka hadi wakashika matumbo.

"Siijui bahari," akasema. "Ndiyo maana naivalia."

Nikamwambia mwoga abaki nyumbani kwao. Akaendelea kuvuta soksi zake. Sikuwahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yule dada pale.

Leonard akatuonyesha dumu la njano lililotiwa nanga huko mbele. Unalizunguka, unarudi, wa kwanza ndiye mwenye kazi. Kila mtu achague pa kuanzia.

Wenzangu wote wakakimbilia upande wa mikoko, ambako njia ni fupi na maji yametulia. Mimi nikaenda peke yangu mwisho kabisa, upande wa mawe, kwenye wimbi. Frank akapiga kelele kuniuliza kama naenda Zanzibar. Nikatabasamu tu. Shingo na mikono nilishaipaka mafuta ya mgando ya kutosha.

Filimbi ikalia, nikachapa maji.

Ukelele wa kwanza niliusikia nikiwa nusu ya njia. Sikugeuka. Nikasikia wa pili. Nikagusa dumu, wa kwanza, hakuna mwingine karibu.

Ndipo nikatazama upande wa mikoko. Konyeza.

Kama huwajui, ni wale viumbe laini wanaoelea kama mfuko wa plastiki uliotupwa. Ndani ya maji humwoni mpaka akuguse, na nyuzi zake zinaunguza hadi mtu mzima anasahau jina lake. Kaskazi ikishika wanakuja kwa makundi, upepo unawasukumia sehemu moja. Siku ile walikuwa wamejaa kwa mikoko.

Nikarudi kwa mwendo wangu uleule, sina haraka. Nikafika ufukweni, mstari mmoja tu umenichoma shingoni. Frank huyo anagaagaa. Wale wa Lindi wanajisugua mchanga, yaani wanazisaga zile nyuzi ziwaingie vizuri. Nikasimama, mikono kiunoni, nikamwambia Leonard aandike, Amiri wa Kivinje.

Leonard hakuniangalia. Alikuwa anahesabu vichwa.

Jonas hayupo.

Mkono wake ukatokea juu ya maji mara moja, ukapotea. Apolonia alikuwa amefika maji ya kiunoni, anatoka. Akageuka, akaona, akarudi.

Aliogelea vibaya, kichwa juu, anapiga maji ovyo. Lakini alifika. Akamshika Jonas kwapani kwa nyuma, akaja naye kinyumenyume polepole. Nyuzi zilikuwa zimemnata kwenye taiti na kwenye soksi, zinaning'inia, ngozi yake hazikuipata.

Jonas alikuwa na michirizi myekundu kifuani na shingoni, midomo imevimba, pumzi inakwama. Mmoja akaja mbio na ndoo ya maji ya kisima, mwingine kashika mchanga. Bi Somoe, aliyeletwa na kelele, akawazuia wote wawili. Akaagiza maji ya bahari yaleyale, na siki kutoka jikoni kwa wageni. Nyuzi akazitoa kwa kijiti, moja moja, bila kusugua. Hata gari lilipokuwa linawashwa kumpeleka hospitali, alikuwa bado anamwagia.

Apolonia alikuwa amemshika mkono. Anamwambia apumue, mkewe anamsubiri. Anasema hilohilo tu, anarudia.

Gari likaondoka. Leonard akabaki amesimama na viatu vyake vimelowa, akawauliza wenyeji kama kweli hapakuwa na hata mmoja aliyejua.

Bi Somoe akafuta mikono kwenye kanga. Akanitazama.

"Huyu nilimwambia asubuhi. Nilimwambia wamejaa kwa mikoko, awaambie wenzake."

Ndiyo. Ndiyo yale mawili matatu tuliyoongea.

Alinionyesha na mkono wake ulivyochorwa na nyuzi. Akaniambia yeye anakwenda kulala kidogo, nisisahau. Nikamjibu, sawa mama, nitawaambia. Nikakaa na neno lile tangu saa kumi na mbili hadi saa sita, nikajipaka mafuta ili nyuzi zisininate, nikaona bahari inanisaidia kupunguza watu.

Na siyo hilo tu. Dakika chache kabla ya filimbi Jonas alinifuata. Kaka, akaniambia, wewe ndiye mwenyeji, maji ya leo yakoje?

Nikamjibu, "Poa tu."

Pale ufukweni hakuna aliyenipiga. Ningeshukuru wangenipiga. Leonard akatoa karatasi yake, akakata jina langu kwa kalamu, taratibu.

"Hii kazi siyo ya kuogelea," akasema. "Ni ya kuwaambia watu."

Nilirudi Kivinje siku ileile. Mama aliniuliza nimekuwa wa ngapi. Nikamwambia wa kwanza. Akafurahi, na mimi nikashindwa kuendelea.

Jonas alipona. Alilazwa siku nne, mtoto alizaliwa wiki mbili baadaye baba yake akiwa hai, siyo kwa msaada wangu. Kazi akapewa Apolonia, mtu wa milimani, aliyeogelea vibaya kuliko wote.

Nasikia kila asubuhi kabla ya chochote anawasubiri akina mama wa pweza warudi, anawaamkia, anawauliza wameona nini. Konyeza wakiwepo, anatundika ile soksi nyekundu kwenye mti, na hakuna mgeni anayeingia, awe mzungu, awe mbunge. Wakiwa hawapo, anatundika ya njano. Watu wa Simba wanamlalamikia kila siku, yeye anacheka tu.

Mwezi uliopita nilimwona Jonas pale Nangurukuru, ananunua nguo za mtoto. Makovu ya shingoni bado yanaonekana. Nilitaka nijifiche nyuma ya basi, akawa ameshaniona. Akanipa mkono, akasema habari yako, akaendelea na safari yake. Kaka hakuniita.

Basi, wewe unayesoma hii na kaskazi inakaribia, chukua hili kutoka kwa mtu asiyestahili kukufundisha. Usiingie majini kabla hujawauliza wanaotoka. Vaa nguo za kukufunika, wacha wacheke. Ukichomwa, usisugue na wala usimwage maji ya kisima, tumia maji ya bahari, na ukiona pumzi inabana, kimbia hospitali.

Na kama ni wewe uliyeambiwa, waambie wenzako. Nimewacheka wengi katika kisa hiki, kiatu cha Leonard, miguu ya Frank, soksi za Apolonia. Wote hao walikuwa hawajui. Pale ufukweni aliyejua alikuwa mmoja, na alikuwa amejipaka mafuta.