Nyota Niliyoigundua Lushoto

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mtu wa Mazinde, kule tambarare ambako nyota hukaa juu na taa hukaa chini. Mwezi wangu wa kwanza hapa Lushoto nikaanza kuona, kila baada ya magharibi, nyota nyeupe kali isiyokuwemo kwenye ramani yangu ya anga. Wala haikusogea kama wenzake. Badala ya kushtuka, nikafurahi.

Nikamwalika mkuu wa shule, nikawatoa wanafunzi wa bweni nje waione nyota inayolipuka.

"Nyota hulipuka kwa aina mbili. Kubwa mno ikiishiwa nishati," nikawaeleza, "kiini chake huporomoka kwa uzito, tabaka za nje zikarushwa mbali. Ila ile ndogo iliyokwisha kufa huvuta gesi ya nyota jirani mpaka inazidiwa, inalipuka yote."

"Na hii ni aina gani, mwalimu?" akauliza Rehema.

"Ya pili," nikasema, kwa uhakika ambao sijui niliutoa wapi.

Mpishi wetu, Mama Hadija, alikuwa mlangoni mwa jiko. "Mwanangu, pale si mbinguni. Pale ni mlima, giza limeuficha. Hiyo ni taa ya sola ya banda langu la kuku."

Nikamjibu kwa heshima kwamba haya nimeyasomea. Hakubishana. Akampigia mumewe simu. "Baba Hadija, hebu zima taa ya kuku kidogo."

Nyota ikazimika.

Mkuu akakohoa. Rehema akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na inayozimwa kwa simu ni aina ya ngapi?"