Kimea Kilichonuka Mkaratusi

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, moshi wa jikoni kwetu ulibadilika harufu. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimeachwa kulinda moto hadi saa kumi. Ulikuwa msimu wa mvua. Jua halikutosha, kwa hiyo kimea cha mtama, yaani mtama uliochipuzwa kwa pombe, kilianikwa kwenye uchaga, na chini yake ukawashwa moto mdogo wa kuni kavu. Kazi hiyo ilikuwa ya Mama Nsimire, mjane kutoka upande wa Bukavu, aliyeishi kwa kuwapikia watu pombe za sherehe. Alipokwenda kuchota maji ziwani aliniachia neno moja: "Kuni kavu tu, mama." Kuni kavu zilikuwa bandani nyuma ya nyumba, na kuzifuata kulitaka kupita kwenye mvua; matawi mabichi ya mkaratusi yalikuwa mlangoni. Niliyatia. Moshi mzito ulipanda hadi kwenye kimea, mkali kama dawa ya kifua. Nilipepea kwa sahani, nikafagia majani yaliyosalia, nikanyamaza.

Pombe hiyo ilikuwa ya kuwapokea wakwe wa dada yangu. Siku ilipofika, muzee wa upande wao alikunywa, akakohoa, akauliza: "Hii ni pombe ao ni dawa ya kikohozi? Muko na mugonjwa humu?" Wote walicheka, isipokuwa mama yangu. Mama Nsimire alipoulizwa alitazama kikombe chake, akajibu kwamba labda alisinzia akilinda moto. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, kata mkononi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ile haikusema. Tangu siku hiyo hakuna nyumba mtaani iliyomwita tena kupika. Nilizoea kumwona akipita na gunia la mkaa mgongoni, nami nikajifunza kuvuka barabara mapema.

Mwaka huu nimesoma, katika kitabu cha Kifaransa, kwamba wakulima wa Denmark walikausha kimea cha shayiri juu ya moshi kwa makusudi, na kwamba bia yao ilipendwa kwa sababu ya moshi huo. Nilirudia ukurasa mara tatu. Kisha nikanunua shayiri kwa mfanyabiashara wa Butembo, nikaichipuza, nikaikausha siku mbili juu ya moshi wa kuni zilizokauka vizuri, nikapika, nikatia hamira, nikangoja. Wageni wangu hapa Himbi, mtaa ninaoishi sasa, waliisifu. Mimi sikuweza kumaliza glasi. Nilijaza chupa moja, nikaipeleka Mugunga, ambako Mama Nsimire anaishi kwa binti yake, na nikamweleza yote.

Alikunywa polepole. "Nilijua," alisema. "Nywele yako ilinuka mukaratusi siku tatu. Si ni mie nilikusuka?"

"Juu ya nini haukusema, mama?"

"Nilingojea useme weye." Akanirudishia kikombe kitupu. "Leo moshi ni muzuri."

Siku ile, kusema kungenigharimu viboko viwili au vitatu. Kutoka Himbi hadi Mugunga ni nusu saa kwa pikipiki. Mimi nilitumia miaka arobaini.