Siku Tuliyosafisha Tanuru

Udongo wa kichuguu ukipata maji una harufu yake, nzito na tamu kidogo, kama ya chungu kipya. Wiki iliyopita fundi anayenijengea ukuta hapa mtaani Bel-Air, Katanga, alimwaga toroli zima la udongo huo mbele ya mlango wangu, akaulowesha, nami nikasimama pale na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Redioni wasikilizaji walikuwa wanapiga simu, mmoja baada ya mwingine, kulalamika kwamba bustani na maeneo ya kihistoria yanafungwa eti bajeti hakuna. Kila mmoja alijua wa kulaumiwa. Mimi pia namjua, angalau kwa eneo moja, na ndiyo maana sikupiga simu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa upande wa Kasungami, pale mji unapochoka na mashamba yanapoanza, na baba yangu alikuwa mwongozaji wa wageni katika eneo dogo la serikali. Palikuwa na uwanja wa majani wenye ukuta na geti, miti michache ya kivuli, na katikati tanuru la udongo ambamo watu wa zamani waliyeyushia shaba, kabla haijaja migodi na mabomba yake ya moshi. Lilikuwa limebomoka upande mmoja, na kimo chake kilinifikia kidevuni. Kando yake yalitapakaa mawe meusi, mazito kuliko yalivyoonekana: takataka za ile kazi ya kuyeyusha. Na kwa kuwa tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, lazima niwe mkweli kwenu: mtu asiyeambiwa angeona kichuguu.

Kazi ya baba ilikuwa kumwambia. Alivaa tai kila siku, hata siku ambazo mgeni pekee alikuwa mbuzi. Babu yangu alitoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli, akataka mwanawe aendeshe treni. Baba alimjibu kwamba yeye anawarudisha watu nyuma mbali kuliko treni yoyote. Maelezo yake niliyajua yote kwa moyo, pamoja na mahali pa kukohoa.

Majirani walilipenda eneo lile kwa namna yao. Walikuja kupumzika kivulini, na watoto wao wakipata komunyo ya kwanza walikuja kupiga picha. Mpiga picha aliwasimamisha mbele ya tanuru, kwa hiyo kila nyumba ya mtaa ilikuwa na picha yake ukutani, na katika kila picha tanuru limefunikwa na migongo, wala hakuna aliyewahi kuuliza ni nini.

Kisha siku moja gari la ofisi ya serikali likaja. Wakachukua kibao, mabenchi mawili na daftari la wageni, wakalifunga geti kwa kufuli. Baba aliambiwa asubiri nyumbani mpaka bajeti ipatikane. Aliendelea kufunga tai kila asubuhi, halafu anakaa.

Hasira ya mtaa ilianzia nje ya kanisa, baada ya misa.

"Serikali nzima inakosa bajeti ya kukata majani?" aliuliza jirani yetu mmoja, fundi baiskeli.

"Majani inaomba bajeti?" akadakia Mama Ngoie, mkubwa wa chama cha bamama, yaani akina mama wa parokia, mwanamke ambaye sauti yake haikuwahi kuhitaji kipaza sauti. "Majani inaomba jembe! Beye bafunge. Shiye tutafungua."

Watu walicheka kwa hilo la wao kufunga na sisi kufungua, lakini hawakuishia kucheka. Baba aliandika barua kwa Kifaransa chake cha kunyooshwa kwa pasi, mtaa mzima ukaitia sahihi au kidole gumba, na jibu likaja kweli, pamoja na ufunguo. Mkubwa wa ofisi angekuja siku ya Jumatatu. Akikuta eneo limetunzwa na tanuru liko katika hali nzuri, litafunguliwa, na baba atarudi kazini. Bamama, walioshika habari ya usafi tu, wakaupanga siku ya Jumamosi.

Ijumaa ikaja habari ya msiba Lukafu. Mjomba wake baba amefariki, na hakukuwa na namna ya kukosa kwenda. Kabla ya kupanda lori aliniinamia.

"Wewe unajua kila kitu pale," alisema. "Kesho bamama bakikuja, ubaonyeshe kitu ya kuacha."

Walikuja asubuhi mapema na majembe, mafagio, mabeseni na ndoo ya chokaa, wakiimba. Sijaona tena usafi kama ule. Walikata majani mpaka ardhi ikaona haya. Nilizunguka katikati yao nikijiona mkubwa wa ofisi, mpaka Solange, binti wa Mama Ngoie, aliyesoma nami darasa moja, akaketi juu ya ukuta na rafiki zake wawili.

"Mumuone mutoto ya mwenye kuchunga kichuguu!" alisema. "Baba yake anavaaka kravati juu ya bamchwa!"

Wale wawili walicheka mpaka wakashikana. Haikuwa mara ya kwanza. Shuleni niliisikia karibu kila siku. Lakini siku ile walicheka mahali penyewe, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitu chenyewe, na kwa kweli kilifanana na walichokisema.

Ndipo Mama Ngoie alipofika na jembe begani. Alilizunguka tanuru mara moja.

"Mutoto, na hii? Iko nini?"

Nilikuwa na jibu la robo saa, lenye mahali pa kukohoa. Nilimtazama Solange.

"Ni kichuguu tu, mama."

Mnajua thamani ya udongo wa kichuguu kwetu, kwa bustani na kwa ujenzi. Hakuna mwanamke wa Katanga anayeuacha ukae bure. Kabla ya saa sita ulikuwa umevunjwavunjwa na kubebwa kwa mabeseni hadi kwenye matuta ya maua kando ya ukuta. Yale mawe meusi waliyakusanya yote, wakayapaka chokaa, wakayapanga pande mbili za njia, kama inavyofanywa mkubwa akitarajiwa. Nami nilishika brashi. Nilipaka vizuri sana.

Jumatatu baba alishukia palepale getini, bado na vumbi la Lukafu, tai mfukoni. Aliifunga akitembea. Katikati ya njia akapunguza mwendo. Akaokota jiwe moja jeupe, akalipima mkononi, akalirudisha mahali pake taratibu. Kisha akatazama mbele, pale palipokuwa tupu.

Bamama walikuwa wamejipanga wakiimba, wote wamevaa kitenge cha aina moja. Mkubwa wa ofisi alitembea kati ya yale mawe akisifu.

"Bamama, kazi iko muzuri sana. Sasa munionyeshe ile tanuru."

Nyimbo zikakatika. Niliona sura ya Mama Ngoie ikielewa, polepole, kutoka macho mpaka kinywa. Akamtazama baba.

"Mvua, shefu," alisema baba. "Ile ya kwanza. Iliiangusha yote."

Mkubwa aliandika mstari mmoja katika daftari lake. Mahali pasipo na kitu hapafunguliwi. Kufuli ilirudi, na baada ya miaka michache paligawanywa viwanja. Baba alipata kazi ya kuuza misumari katika duka la vifaa vya ujenzi.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani aliniuliza, "Bamama balikuuliza?"

"Baliuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema ni kichuguu."

Tulipita nyumba mbili tatu. "Inafanana," alisema. "Hata mimi siku ya kwanza niliona kichuguu."

Hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipofariki. Nami nilikwenda chuo kikuu kusoma historia, jambo linalowachekesha sana wachache wanaoijua habari hii. Kwa miaka mingi nilikihesabu kimya chake kuwa msamaha. Sasa nina binti wa miaka kumi na mmoja, anayenisihi nisiseme mbele ya rafiki zake kwamba mimi ni mwandishi, na nafikiri nimemwelewa baba zaidi. Alikuwa ameacha nafasi. Alingoja siku nitakayomwuliza, kama mgeni yeyote: "Basi, siku ya kwanza uliona kichuguu, na ya pili uliona nini?" Sikumwuliza. Maelezo yake niliyajua yote.